Je, Wajua? Daladala ya Uwanja wa Ndege Haiitwi Hivyo

Ukisimama Posta au Kariakoo jijini Dar es Salaam ukisubiri konda aite "Uwanja wa Ndege", unaweza kuchelewa safari. Sikiliza jina jingine: Gongo la Mboto. Daladala za huko hupita Barabara ya Nyerere, ambayo wakazi wa zamani bado huiita Pugu Road, na barabara hiyo hupita karibu kabisa na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, kilomita kama 12 kutoka katikati ya jiji.

Kwenye barabara hiyo, makutano ya TAZARA ndiyo yaliyokuwa yakiwatoa abiria jasho. Tangu Septemba 2018 magari ya Barabara ya Nyerere hupita juu, kwenye Daraja la Mfugale, lililopewa jina la mhandisi Patrick Mfugale.

Ukikaribia uwanja, sema mapema, "Konda, Airport shusha!" Kama una begi kubwa, patana naye nauli ya begi na mahali pa kuliweka kabla ya kupanda, maana likikaa njiani kila anayeshuka atalikanyaga. Ukishuka, angalia tena tiketi yako ya ndege uone unaondokea jengo lipi. Safari nyingi za nje ya nchi huanzia jengo la tatu, lililofunguliwa mwaka 2019, nalo liko ndani zaidi. Kwa miguu na mzigo kichwani ni mbali, chukua bajaji. Ndege ndogo huondokea jengo la kwanza, lenye lango lake peke yake.

Foleni ya jioni haijali saa ya ndege. Ondoka mapema mno.