Mmea wa Marungu Usiokubali Haraka

Ninyi mliopata kupanda milima ya Marungu, magharibi ya Ziwa Tanganyika, labda mmeona kati ya majani ya nyanda zile mmea mfupi wenye makuti magumu, umekaa kama mtende uliozama ardhini hata shingoni. Wapita njia wengi huudhani kuwa mtende. Sivyo. Mtende hutoa maua. Mmea huu hauna ua hata moja, nao una ujamaa na msonobari kuliko na mchikichi. Wataalamu waliuita Encephalartos marunguensis mwishoni mwa miaka ya 1950, na makao yake ni milima hiyo ya Marungu na ile ya jirani tu.

Sisi tuliofundishwa Kigiriki kidogo seminarini twalipenda jina lile. Maana yake ni mkate ndani ya kichwa, kwa sababu huko Afrika ya Kusini watu wa kale walichimbua kiini cha shina la mimea ya jamaa hii, wakakitayarisha kwa siku nyingi, wakala unga wake. Wazazi, msijaribu! Kiini na mbegu vina sumu kali, na ng'ombe alaye makuti yake huweza kulegea miguu ya nyuma asisimame tena. Mbegu zake zang'aa rangi ya kuvutia macho ya watoto. Wafundisheni kutozitia kinywani.

Sasa twaungama kosa letu. Mwaka mmoja wanafunzi wetu walileta mmea mmoja kutoka mlimani, wameuchimbua kwa majembe, na mzizi wake mkubwa umekatwa. Tuliwasifu. Tukaupanda mbele ya darasa katika shimo lililojaa samadi, na zamu ya kumwagilia ikafanyika asubuhi na jioni, bila kukosa hata Jumapili. Makuti yakageuka manjano. Baada ya miezi michache mtoto mmoja alishika taji lake, likatoka lote mkononi, ndani limeoza na kunuka. Ulikuwa na miaka mingapi? Pengine ulimzidi umri kila mtu aliyekuwapo pale uwanjani.

Tulikuwa tumeuua kwa wema. Huko kwao maji ya mvua hupita upesi kati ya mawe, kisha huja kiangazi kirefu, na moto wa nyika hupita juu yake. Makuti huungua, lakini shina limejificha chini ya ardhi; mvua ikirudi, makuti mapya huchomoza. Hata mbolea hauihitaji sana, kwa maana mizizi yake mingine hupanda karibu na uso wa udongo, imevimba na kujigawa vidole vidole, na ndani yake hukaa vijidudu vya kijani visivyoonekana kwa macho, ambavyo huchukua naitrojeni ya hewa na kuulisha mmea.

Anayetaka kuuotesha atumie mbegu. Lakini hapo pana neno kubwa: mmea mmoja ni dume, mwingine ni jike. Kila mmoja hutoa kitu mfano wa gunzi la mahindi. Gunzi la dume humwaga unga wa manjano, na vidudu wadogo wa jamaa ya fukusi huuchukua mpaka katika nyufa za gunzi la jike. Dume akiondolewa mlimani, jike hubaki tasa. Tazameni yaliyotokea Natal. Mwaka 1895 John Medley Wood aliona katika msitu wa Ngoye kundi moja la mashina ya aina nyingine ya jamaa hii, yote madume. Shina moja lilipelekwa bustani ya Kew, London, mwaka 1899. Watu wametafuta jike tangu hapo, wala hajaonekana. Mimea yote ya aina ile iliyomo bustanini leo imetokana na machipukizi ya dume yule yule, na porini hakuna tena.

Kwa hiyo tulirudi mlimani mikono mitupu, tukamwendea mzee mmoja wa pale. Alitusikiliza, akatazama viatu vyetu, akasema, "Mwalimu, babu yangu aliuacha hapa, nami nimeukuta hapa. Mlichukua mkubwa, sasa chukueni wadogo." Akatuonyesha gunzi la jike lililopasuka lenyewe. Tuliokota mbegu saba, nyingine tukaziacha.

Tulivaa mifuko mikononi, tukaondoa nyama ya nje, tukaosha, tukaziweka kivulini pakavu miezi sita, kwa sababu mbegu ikianguka, mtoto aliyemo ndani hajakomaa bado. Kisha tukazitia majini: mbili zikaelea, hizo tupu. Tano tukazilaza ubavu katika mchanga mnene wa mtoni, nusu nje nusu ndani, katika vyungu virefu vilivyotobolewa chini, maana mzizi hushuka mbali kabla ya jani kuonekana. Maji tulitia mchanga ukikauka tu. Wanafunzi walichoka kungoja, wakavisahau vyungu; nadhani hilo ndilo lililosaidia.

Tatu ziliota. Mche mmoja ulikatwa kwa jembe siku ya palizi. Hiyo miwili sasa ina mwaka wa nne, kila mmoja una makuti machache yasiyofika shubiri mbili. Ni dume na jike, au yote ya namna moja? Hilo litajulikana magunzi yatakapotoka, baada ya miaka mingi, na wanafunzi walioipanda watakuwa na watoto shuleni. Mmoja uko nyuma ya darasa, juani, juu ya tuta la mawe. Wa pili tulimrudishia mzee mwanzoni mwa mvua. Aliupanda karibu na mama yake, akauzungushia mawe matatu, akakataa maji tuliyobeba.