Kungoja Ukaazi wa Mwenzi wa Ndoa Nchini Kanada
Nchini Kanada, raia au mkaazi wa kudumu aliyetimiza miaka 18 anaweza kumdhamini mwenzi wake wa ndoa, yaani kuahidi kwa maandishi kwamba atamtunza kwa miaka 3 tangu apate ukaazi wa kudumu, ahadi ambayo haifutiki hata ndoa ikivunjika. Mwombaji anayeishi humo na mwenzi wake anaweza kuomba kibali huria cha kazi, kinachomruhusu kuajiriwa na karibu mwajiri yeyote. Lakini akisafiri nje ya nchi, hata kwenda kumzika mzazi, hana hakika ya kuruhusiwa kurejea, na huo ndio uzito mkubwa wa kungoja. Mwombaji aombe kuongezewa muda wa kukaa kabla haujaisha, kwani aliyewahi kuomba huruhusiwa kubaki hadi uamuzi wa ombi hilo utolewe.