Je, Wajua? Mnada Ambao Aliyeshindwa Naye Hulipa

Je, wajua kwamba neno mnada lina asili ya Kiarabu, na kiini chake ni kuita kwa sauti? Ndiyo maana mchuuzi hunadi nguo na mgombea hunadi sera. Dalali anaita, mnunuzi anaitikia, na waliosimama pembeni wanasikia kila kitu.

Je, wajua kwamba ipo minada isiyo na sauti wala sura ya mtu? Unafungua simu, unakuta televisheni inayouzwa laki nane dukani imeandikwa shilingi 9,400. Pembeni saa inahesabu kurudi nyuma: 10, 9, 8. Ukibonyeza, bei inapanda kidogo sana na saa inaongezewa sekunde chache. Asipotokea mwingine wa kubonyeza mpaka sekunde zikaisha, televisheni ni yako kwa bei hiyo iliyoandikwa. Ila kila unapobonyeza unalipa, na fedha hiyo hairudi, ushinde ushindwe. Wengine huiita minada ya senti, kwa kuwa bei hupanda senti moja moja.

Biashara hii ilianzia Ujerumani mwaka 2005 kwa jina la Telebid. Mwaka 2008 ikabadili jina kuwa Swoopo, ikaingia Marekani, na mwaka 2011 ikafilisika. Wakati huo wafuasi wake walikuwa wamekwisha kusimama: QuiBids ya Oklahoma, Marekani, na DealDash iliyoanzishwa na kijana wa Finland, zote mwaka 2009.

Je, wajua hesabu yake ikoje? Tuifanye kwa shilingi, taratibu, kwa kuwa hapa ndipo penye jambo lenyewe. Chukua simu ya laki tano. Kila dau linagharimu shilingi 500, na kila dau linapandisha bei kwa shilingi 10. Mnada unaisha bei ikiwa shilingi 60,000. Ili ifike hapo, watu wamebonyeza mara 6,000. Zidisha kwa 500: shilingi milioni 3. Ongeza ile 60,000 ya mshindi. Simu ya laki tano imemwingizia mwenye mtandao 3,060,000.

Mshindi tuseme alibonyeza mara 300. Ametoa 150,000 za dau na 60,000 za bei, jumla 210,000. Amepata simu kwa chini ya nusu bei, na furaha yake ni ya kweli. Zile mara 5,700 nyingine zilibonyezwa na watu wengine. Wametoa 2,850,000 na hawakupata hata kava la simu. Kwa hapa kwetu kijijini Kisaka hiyo ni fedha ya kuingia nayo mnadani ukatoka na ndume zaidi ya mmoja.

Kesho yake tangazo litasema: simu ya laki tano imeuzwa kwa elfu sitini! Na ni kweli, imeuzwa hivyo. Hakuna neno la uongo katika tangazo hilo. Kilichoachwa ni ile 2,850,000.

Je, wajua kwamba mchumi wa Marekani, Martin Shubik, alishauchora mtego wa namna hii mwaka 1971, kabla intaneti haijafika majumbani? Mchezo wake ulikuwa mwepesi: inanadiwa noti ya dola moja. Mwenye dau kubwa anaichukua, lakini wa pili naye analipa dau lake na haondoki na kitu. Watu huanza kwa kucheka. Likifika dau la senti 90 na 95, kicheko kinaisha, kwa kuwa wa pili anaona afadhali atoe dola nzima kuliko kupoteza senti 90 bure. Mwenzake naye anaona afadhali dola moja na senti tano. Na dola inayonadiwa ni ile ile moja.

Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Ni usemi wa kumtia moyo aliyeanza kulima, kujenga au kusomesha. Mbele ya minada ya senti usemi huu huu ndio unaomzamisha mtu. Amekwisha kutoa elfu ishirini, anaona akiacha sasa zimepotea. Zimepotea tayari, akiacha asiache. Dau linalofuata ni fedha mpya, na linapaswa kupimwa kama mpya.

Ned Augenblick wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alipekua minada 166,000 ya aina hii, na utafiti wake ukachapishwa mwaka 2016. Alikuta kwamba faida ya wenye minada ilizidi asilimia 50 kwa wastani. Kwa hesabu ya nadharia, wachezaji wangekuwa wanapima kila dau kwa utulivu, faida hiyo isingekuwepo. Maelezo aliyoyatoa ni hayo hayo ya kuzionea uchungu fedha zilizokwisha kutoka mfukoni.

Je, wajua nani hushinda? Watafiti Zhongmin Wang na Minbo Xu waliwafuatilia wachezaji na kuona kwamba wageni ndio wanaopoteza, huku kikundi kidogo cha wazoefu kikivuna. Mgeni hupoteza mara chache, anaondoka, na mwingine anaingia kushika nafasi yake. Mlango ukikauka wageni, biashara inakauka. Watanzania tumewahi kuuona mlango wa namna hiyo kwa sura nyingine: mwaka 2009 serikali ilipoisimamisha DECI, ule mchezo wa kupanda na kuvuna fedha, wapo waliokuwa wameshavuna, na wapo waliokuwa wamepanda mbegu wiki hiyo hiyo. Michezo hii miwili si mmoja, na sitaki kuichanganya. DECI ilimlipa wa jana kwa fedha ya wa leo, minada ya senti inampa mmoja simu kwa fedha ya mia. Ila yote miwili inamngoja mgeni.

Je, wajua kwamba hujui unashindana na wangapi? Mwaka 2010 watafiti watatu, Byers, Mitzenmacher na Zervas, walionyesha kwamba kule kutojua idadi ya wachezaji peke yake kunaweza kuongeza mapato ya mwenye mtandao. Na si wote wanaolipia dau kwa bei moja. Mmoja amenunua dau zake kwa bei kamili, mwingine amezipata kwa bei ya chini katika mnada mwingine wa kunadi dau zenyewe. Mnabonyeza kitufe kimoja, lakini yeye hakimuumi kama kinavyokuuma wewe. Swoopo ilikuwa pia na kifaa cha kubonyeza chenyewe, mtu akakiachia kazi akaenda kulala.

Nilikuwa nimekaa na mzee mmoja kivulini siku ya mnada, ng'ombe wakiwa bado wanaingia kwa vumbi, kijana wa ukoo wake akatuonyesha mnada wa namna hii kwenye simu.

"Mura," mzee akamwambia kijana, "huyu mwenye dau la juu ni nani?"

"Hajulikani, babu. Ni jina tu."

"Na nikishindwa, hela yangu inarudi?"

"Hairudi, babu."

Mzee akamrudishia simu, akainuka kwenda kuangalia meno ya ndume aliyekuwa anamtaka tangu asubuhi. Alimfunua mdomo, akampapasa nundu, akamzunguka mara mbili kuona anavyokanyaga. Mnunuzi mwingine alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale, wote wawili wakijuana kwa jina na kwa boma. Bei ikapanda, mzee akatikisa kichwa na kumwachia mwenzake. Fedha zake zilibaki zimekunjwa kwenye mfuko wa ndani wa koti, noti kwa noti kama alivyotoka nazo nyumbani.

Hiyo ndiyo alama ninayoisimamia. Katika mnada, aliyeshindwa anakosa ng'ombe. Hakosi ng'ombe na fedha pamoja. Ukiona mchezo ambao aliyeshindwa naye analipa, umekaribia kamari kuliko mnada, hata kama nyundo ya dalali imechorwa kwenye kioo.

Je, wajua kwamba intaneti yenyewe haina kosa hapa? Mnada wa chai wa Mombasa, mmoja wa mikubwa duniani, ulihamia mtandaoni mwaka 2020 wakati wa korona, na mnunuzi aliyekosa shehena hatozwi kwa kutaja bei. Korosho za Mtwara na Lindi sasa zinanadiwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania. Waridi za Kenya zinazofika Aalsmeer, Uholanzi, huuzwa kwa saa inayoteremsha bei badala ya kuipandisha: wa kwanza kubonyeza ndiye mnunuzi, na ndiye peke yake anayelipa.

Hata mnada wa mahakama, ambao watu wetu wanauogopa kwa kuwa ndio unaouza nyumba za wadaiwa, unamwambia mshindi alipe asilimia 25 papo hapo na iliyobaki ndani ya siku 15. Aliyepitwa bei hadaiwi kitu.

Je, wajua kwamba muuzaji kujipandishia bei kwa siri ni kosa la zamani sana kisheria? Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, iliyorithiwa kutoka ya Waingereza ya mwaka 1893, inamkataza muuzaji kuweka dau mwenyewe au kumtuma mtu wake bila kuwatangazia wanunuzi kwamba ana haki hiyo. Mnadani kwetu mtu wa dalali anayepandisha bei hugundulika, kwa kuwa haondoki na ng'ombe hata mmoja mwezi mzima. Kwenye simu "mtu" huyo anaweza kuwa programu ya kompyuta yenye jina la kike na picha ya maua. Mwaka 2011 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliwatahadharisha wananchi wake kuhusu minada ya senti, na dau za bandia zilikuwa miongoni mwa hofu zake.

Haki nayo isemwe. Mitandao mingine, QuiBids ikiwemo, imekuwa ikimruhusu aliyeshindwa kutumia thamani ya dau zake kama sehemu ya malipo akiamua kununua bidhaa hiyo kwa bei kamili. Hilo linapunguza maumivu. Lakini bei kamili inapangwa na mtandao wenyewe, na mtu aliyeingia akitafuta simu ya elfu sitini hakuwa na laki tano.

Je, wajua kwa nini jina lina uzito? Tanzania ina Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, na Bodi inayosimamia michezo hiyo. Mwenye kuendesha mchezo anatakiwa kuwa na leseni, na mtoto wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Tatu Mzuka ilipoingia mwaka 2017 kwa kiwango cha kuanzia shilingi 500, kila mchezaji alijua anabahatisha. Mkeka wa kubashiri mechi ukichanika, kijana anajua umechanika kwa nini. Anayeingia kwenye minada ya senti anaambiwa ananunua. Anajiona mnunuzi mjanja mwenye jicho la bei, na mjanja huyo hawezi kumwambia mke wake kwamba amekula hela ya mbegu kwenye kamari, kwa sababu hata yeye mwenyewe hajaliita hivyo.

Shilingi 500 ni kitu gani? Ni mandazi mawili matatu, au nauli ya bodaboda isiyotosha. M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008 ilituondolea safari ndefu ya kupeleka hela, nayo ni baraka kubwa kwa vijiji vilivyo mbali na benki kama vyetu. Ila fedha ya simu haina karatasi ya kuhesabu. Mzee wangu wa mnadani anaziona noti zikipungua kwenye mfuko wa koti. Kijana anaona namba ya salio, na kati ya dau la kwanza na la arobaini hakuna mahali pa kusimama ili aseme: hapa nimetoa elfu ishirini.

Je, wajua pa kulalamikia? Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoisimamia. Kama ulichochezeshwa kina sura ya kamari, mlango mwingine ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Kote huko utaulizwa ulilipa lini, kiasi gani na kwenda namba ipi, kwa hiyo ule ujumbe wa muamala usiufute. Kama umeshaufuta, nenda kwenye duka la mtandao wako wa simu na kitambulisho chako, uombe taarifa ya miamala yako, kisha kaa chini na kalamu ujumlishe zile 500 moja baada ya nyingine.