Mchumia Juani Hulia Wapi? Usajili, Malipo na Uhamisho wa Wachezaji wa Mpira wa Vikapu katika Vyuo Vikuu vya Marekani

Utangulizi

Wahenga walilonga kwamba mchumia juani hulia kivulini. Methali hii humtia moyo mja anayejikakamua leo kwa matumaini ya kustarehe kesho. Je, itakuwaje iwapo anayechuma juani ni mmoja na anayelia kivulini ni mwingine? Swali hili limeuandama mpira wa vikapu wa vyuo vikuu nchini Marekani kwa zaidi ya nusu karne. Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi wachezaji wa vyuo hivyo walivyosajiliwa, walivyonyimwa na hatimaye kupewa malipo, na walivyohama kutoka chuo kimoja hadi kingine.

Huenda msomaji akauliza: mambo haya yanamhusu nini mwanafunzi wa Kiswahili? Yanamhusu kwa njia mbili. Kwanza, kiini cha mgogoro huu ni istilahi moja, na istilahi ni kazi yetu. Pili, mmoja wa wachezaji ambao maisha yao yanaufafanua mgogoro huu ni mzaliwa wa Lubumbashi, mji wa Kongo ambao Kiswahili ni lugha ya soko na mtaa.

Usuli wa ridhaa

Mpira wa vikapu ulibuniwa mwaka wa 1891 na James Naismith, mwalimu mjini Springfield, Massachusetts. Chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ambacho hujulikana kwa ufupisho wa NCAA, kiliasisiwa mwaka wa 1906. Nguzo yake kuu ilikuwa ridhaa, yaani mchezaji acheze kwa mapenzi wala si kwa ujira.

Hata hivyo, vyuo vilitaka ushindi, na ushindi huhitaji vipawa. Mwaka wa 1948 chama kilipitisha kanuni kali iliyokusudia kudhibiti misaada kwa wachezaji, lakini kanuni hiyo haikudumu. Vyuo viliikaidi na kufikia mwaka wa 1951 ilikuwa imeondolewa. Mwaka huohuo ilibainika kwamba baadhi ya wachezaji wa City College of New York, chuo kilichokuwa kimetwaa mataji yote mawili makuu ya mwaka wa 1950, walikuwa wamepokea hongo kutoka kwa wacheza kamari ili wadhibiti tofauti ya alama katika mechi. Mwaka wa 1956 vyuo viliruhusiwa kumfadhili mchezaji kwa sababu ya kipawa chake, bila kujali uwezo wa wazazi wake. Mwaka wa 1973 ufadhili huo ukafanywa kuwa wa mwaka mmoja mmoja. Aliyeumia au aliyemuudhi kocha angeweza kujikuta hana wa kumlipia karo mwaka uliofuata.

Istilahi iliyojenga ukuta

Hapa ndipo mwanaisimu anapopaswa kutega sikio. Walter Byers alikiongoza chama hicho tangu mwaka wa 1951 hadi miaka ya themanini. Katika miaka ya hamsini, familia za wachezaji walioumia au kufa uwanjani zilianza kudai fidia kama ile anayolipwa mfanyakazi aliyeumia kazini. Mmoja wa waliofariki alikuwa Ray Dennison, mchezaji wa kandanda ya Kimarekani aliyepata jeraha la kichwa mwaka wa 1955 akikichezea chuo kimoja cha jimbo la Colorado. Mjane wake alidai fidia. Mwaka wa 1957 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliamua kwamba hakustahili kulipwa.

Ni katika mazingira hayo ambapo Byers na wenzake walibuni istilahi inayoweza kutafsiriwa kama "mwanafunzi-mwanamichezo", wakaagiza itumiwe kila mahali. Haikuwa tamko la heshima tu, ilikuwa ngao ya kisheria. Aitwaye mwanafunzi si mwajiriwa, na asiye mwajiriwa hadai mshahara wala fidia. Katika tafsiri yetu, vijenzi vyote viwili vya neno hilo vina "mwana" ndani yake, na mwana, kama tujuavyo, hulelewa, halipwi. Mwaka wa 1995, akiwa amekwisha kustaafu, Byers mwenyewe alichapisha kitabu akiushutumu vikali mfumo aliousimika.

Usajili na mkono wa chini ya meza

Ridhaa ilipobaki midomoni, fedha zilifurika kwingineko. Mwaka wa 2010 mashirika ya televisheni ya CBS na Turner yalikubali kulipa dola bilioni 10.8 kwa haki za kuonyesha mashindano ya wanaume kwa miaka 14. Mwaka wa 2016 mkataba ukarefushwa hadi 2032 kwa dola bilioni 8.8 zaidi. Makocha wakuu walilipwa mamilioni kwa mwaka, ilhali mchezaji alipewa karo, kitanda na chakula.

Pengo hilo ndilo lililozaa biashara ya gizani. Kocha hufika nyumbani kwa kijana, huketi na mama yake na kumwahidi malezi mema. Nyuma yake huja wafadhili wa chuo na mawakala wa kampuni za viatu. Katika Chuo Kikuu cha Michigan, ilibainika kwamba mfadhili mmoja, Ed Martin, aliwapa wachezaji kadhaa fedha nyingi, akiwamo Chris Webber, nyota wa kikosi kilichofika fainali ya 1993. Chuo kikalazimika kufuta rekodi za ushindi na kushusha bendera zake. Mnamo Septemba 2017, shirika la upelelezi la FBI liliwatia mbaroni watu kumi, wakiwamo makocha wasaidizi wanne na afisa wa kampuni ya Adidas, kwa tuhuma za hongo katika usajili.

Aidha, ligi ya kulipwa ya NBA ilizidi kukaza kamba. Kevin Garnett (1995), Kobe Bryant (1996) na LeBron James (2003) walijiunga nayo moja kwa moja kutoka shule ya upili. Kuanzia mwaka wa 2006, kijana wa Kimarekani alitakiwa awe na umri wa miaka 19 na awe amemaliza mwaka mmoja baada ya shule. Wengi wakaenda chuoni kwa mwaka mmoja tu, si kwa kiu ya elimu, bali kwa kukosa njia nyingine.

Ukuta wabomoka

Ed O'Bannon alikuwa nyota wa UCLA iliyotwaa ubingwa mwaka wa 1995. Miaka mingi baadaye alijiona katika mchezo wa video: urefu wake, rangi yake, nambari ya jezi yake, bila yeye kupewa hata senti. Alishtaki mwaka wa 2009, na mwaka wa 2014 Jaji Claudia Wilken akaamua kwamba kanuni za NCAA zilivunja sheria ya ushindani wa kibiashara. Mwaka wa 2019 jimbo la California likapitisha sheria ya kumruhusu mchezaji kunufaika kwa jina na sura yake. Mnamo Juni 2021, Mahakama ya Juu Zaidi ya Marekani, kwa kauli moja ya majaji tisa katika kesi ya Alston, iliamua kwamba NCAA haiwezi kuvizuia vyuo kutoa manufaa zaidi yanayohusiana na elimu. Siku chache baadaye, tarehe 1 Julai 2021, chama kikawaruhusu wachezaji kote nchini kulipwa kwa matangazo.

Mabadiliko makubwa zaidi yalikuja Juni 2025, Jaji Wilken alipoidhinisha maafikiano ya kesi ya House. Takriban dola bilioni 2.8 zilitengewa wachezaji wa zamani, zilipwe kwa miaka kumi. Vyuo navyo viliruhusiwa kugawa mapato kwa wachezaji wao moja kwa moja, kwa kikomo cha takriban dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa masomo wa 2025/2026.

Mgagaa na upwa

Suala la uhamisho lilifuata mkondo uo huo. Zamani, mchezaji aliyehama alilazimika kukaa nje ya uwanja mwaka mzima. Kocha wake, kwa upande mwingine, angeweza kuhama leo na kufunza kwingine kesho. Mnamo Oktoba 2018 ulianzishwa mfumo wa kielektroniki ambamo mchezaji hujiandikisha kuwa anataka kuhama. Mwaka wa 2021 aliruhusiwa kuhama mara moja bila adhabu. Baada ya agizo la mahakama la Desemba 2023, mwaka wa 2024 kikomo hicho kiliondolewa kwa mchezaji anayetimiza masharti ya masomo.

Mgagaa na upwa hali wali mkavu, lakini upwa nao una wenyewe. Mwaka wa 2022 chuo kidogo cha Saint Peter's, New Jersey, kilishangaza ulimwengu kwa kuwa cha kwanza kuorodheshwa nambari 15 katika kanda yake na kufika robo fainali. Punde baada ya hapo kocha wake aliondoka, na wachezaji wake wengi wakatawanyika. Chuo kidogo hulea. Chuo kikubwa huvuna.

Mwana wa Lubumbashi

Waliong'olewa na Saint Peter's katika raundi ya kwanza walikuwa Kentucky, na katika safu yao alikuwamo Oscar Tshiebwe, aliyefunga alama 30 katika mechi hiyo. Alizaliwa Lubumbashi mwaka wa 1999, akaenda Marekani akiwa kijana, akasajiliwa na Chuo Kikuu cha West Virginia, kisha akahamia Kentucky mwaka wa 2021. Mwaka wa 2022 alitawazwa mchezaji bora wa vyuo nchini.

Mlango wa malipo ulikuwa wazi kwa wenzake. Kwake ulikuwa nusu wazi, kwani viza ya mwanafunzi wa kigeni humzuia kufanya kazi nyingi za malipo akiwa katika ardhi ya Marekani. Hivyo, timu ilipozuru Bahamas mnamo Agosti 2022, ndipo alipoifanya kazi ya matangazo yake. Mwafrika huyu alilazimika kuvuka bahari ili alipwe kwa jina lake mwenyewe.

Hitimisho

Vyuo vya Marekani vimekuwa vikisajili vijana wetu kwa miaka mingi. Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa Washington State alipovunja rekodi nne za dunia kwa siku 81 mwaka wa 1978. Kwa hivyo, kijana anayeletewa barua ya ufadhili leo hana budi kuuliza: Ufadhili ni wa miaka mingapi? Nikiumia, nani atanitibu na nani atanilipia karo? Viza yangu inaniruhusu nini? Kocha akihama, nitabaki na nani? Na shahada nitaipata lini?

Kitenzi "kulia" katika methali yetu kina maana mbili: kula mahali fulani na kutoa machozi. Kwa miaka mingi, wengi walichuma juani wakalia kwa maana ya pili. Sheria mpya zimewasogeza wachezaji karibu na kivuli, ila mkeka haujawatosha wote, na wageni wangali wamesimama ukingoni.