Gari limetoka gereji likinguruma: Usikimbilie kununua beringi

UMELIACHA gari kwa fundi asubuhi, na jioni unalichukua likiwa na pedi mpya za breki. Tairi zilizokuwa nyuma zimeletwa mbele, na za mbele zimekwenda nyuma. Breki zinashika barabara. Lakini ukishaipita Kansanga na njia ikafunguka kidogo, unasikia mngurumo ambao jana haukuwapo.

Kwa wenye magari wanaotumia barabara ya Ggaba, jijini Kampala, tatizo hili huchelewa kujulikana. Kabalagala, mtaa unaosifika kwa baa na muziki wa usiku kucha, una msongamano ambao hauruhusu gari kukimbia. Kelele za tairi huanza kuishinda sauti ya injini gari dogo linapofika kasi ya kilomita 40 au 50 kwa saa, na kasi hiyo saa za jioni pale kwenye makutano ya kwenda Muyenga ni ndoto tu. Mtu anaweza kumaliza siku mbili akidhani gari lake ni zima.

Akirudi kwa fundi, jibu huwa tayari: "Ni beringi, ssebo." Pengine ni kweli. Lakini kabla ya kutumwa soko la Kisekka kutafuta spea nyingine, mwenye gari anafaa kujiuliza swali moja: ni nini kilichoguswa siku ile?

Tuanze na tairi, kwa sababu ndizo zenye makosa mara nyingi. Katika magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele, kama yalivyo mengi ya madogo yanayotoka Japani, tairi za nyuma huburutwa tu. Shokomzoba zikichoka au magurudumu yakikaa upande, kashata za tairi hizo huliwa kama meno ya msumeno. Zikiwa nyuma husikii sana. Zikiletwa mbele, karibu na masikio yako, zinavuma kama ndege inayotaka kuruka. Fundi hakuharibu chochote. Amekusogezea tu kelele uliyokuwa nayo.

Kuthibitisha hakuhitaji mashine. Gari likiwa limesimama, pitisha kiganja juu ya kashata kuelekea mbele, kisha kirudishe nyuma, ukiangalia nyaya zisikuchome. Ikiwa upande mmoja ni laini na mwingine unakwaruza, mhalifu umempata. Hakikisha pia kwamba tairi yenye mshale na neno ROTATION ubavuni haikufungwa kinyume. Angalia upepo nao, kwa kuwa wajazaji wengi hukisia kwa macho, ilhali kipimo kimeandikwa kwenye kibandiko kilicho kwenye mlango wa dereva.

Ikiwa tairi ulizofungiwa zilitumika Japani, soma ubavuni. Zilizoandikwa STUDLESS zilitengenezwa kwa ajili ya theluji. Mpira wake ni laini na kashata zake zimekatwa-katwa, hivyo huvuma kwenye lami na huisha upesi katika joto letu. Hata tairi mpya hazilingani kwa kelele. Tangu mwaka 2012, tairi zinazouzwa katika nchi za Umoja wa Ulaya sharti ziwe na kibandiko kinachoonyesha kiasi cha kelele zake, jambo linaloonyesha kwamba utulivu ni sehemu ya ubora wa tairi.

Sasa beringi. Tofauti kubwa ni hii: sauti ya tairi hubadilika lami inapobadilika, lakini ya beringi haijali lami ni mpya au imechakaa. Tawi la barabara ya haraka ya Entebbe linaloanzia Munyonyo, lililofunguliwa mwaka 2018, ni mahali pazuri pa kusikiliza, ingawa tangu Januari 2022 utalipia. Huko kuna lami laini. Ukitoka hapo ukarudi kwenye lami yenye viraka na mngurumo ukabaki ule ule, shaka inahamia kwenye beringi. Sikiliza pia kwenye kona ndefu. Gari likipinda kushoto, uzito huegemea kulia, na sauti ikizidi hapo, beringi ya kulia ndiyo ya kushukiwa. Usiyumbishe gari makusudi katikati ya bodaboda kwa ajili ya jaribio hili.

Na beringi inaweza kuumizwa siku ile ile ya matengenezo. Diski au ngoma ya breki iliyoshikwa na kutu hupigwa nyundo ili itoke, na kila pigo linaifikia beringi. Fundi mwenye subira hutumia mafuta ya kulegeza kutu, lakini wenye haraka ni wengi.

Mkwaruzo mwembamba wa chuma unaosikika hata gari likienda polepole ni jambo jingine. Nyuma ya diski kuna bati jembamba la kukinga vumbi, ambalo hupindika kwa kuguswa kidogo na kuanza kulamba diski. Hulirudishwa kwa mkono bila kununua chochote. Lakini ikiwa sauti inabadilika unapogusa kanyagio la breki, tazama pedi zenyewe. Pedi mpya zinaweza kulia kidogo katika kilomita 200 au 300 za mwanzo. Gurudumu moja likiwa la moto kuliko mengine baada ya safari fupi, breki hiyo haiachii, na hapo pana hatari.

Hatari kubwa zaidi ni nati. Kugonga au kutikisika kunakoanza mara baada ya gurudumu kufunguliwa kunataka usimame hapo hapo na kukagua nati zote, usisubiri kufika nyumbani. Toyota Corolla nyingi huhitaji nati zikazwe kwa nguvu ya nyutoni-mita 103, kipimo kinachopatikana kwa spana maalumu. Kijana anayerukaruka juu ya spana hawezi kukijua. Zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Fundi akisisitiza kwamba kelele itaisha yenyewe, mwombe aketi kiti cha abiria mwende pamoja hadi Bunga na kurudi, kioo kikiwa kimeshushwa na redio imezimwa.