Mwenyekiti Aliyeshika Funguo Zote

Kusini mwa Johannesburg, jirani na Rosettenville, kuna kitongoji cha La Rochelle. Wareno waliotoka Madeira, Msumbiji na Angola walikifanya kuwa kwao, kisha wakaja Waafrika wa nchi nyingi, Wakongo wakiwamo. Katika mitaa ya namna hii watu huweka akiba kwa makundi: Msauzi huita stokvel, Mkongo likelemba, Mtanzania upatu. Habari za bodi na wakaguzi zinaonekana ni za maghorofa ya Sandton. Lakini Benki ya VBS ilipoanguka mwaka 2018, waliopanga foleni mlangoni walikuwa wazee, wanachama wa vyama vya mazishi na wa hizo hizo stokvel.

VBS ilianzishwa mwaka 1982 huko Venda, ambako leo ni sehemu ya mkoa wa Limpopo. Machi 2018 iliwekwa chini ya msimamizi maalumu, na Oktoba wakili Terry Motau akatoa ripoti yake: karibu randi bilioni 2 zilikuwa zimechotwa. Amana hewa ziliandikwa kwenye kompyuta, fedha ambazo hazikuwahi kuingia, kisha zikatumiwa kama fedha halisi. Manispaa nazo zilileta mamilioni, ingawa sheria ilizikataza kuyaweka katika benki ya aina hiyo. Hesabu zikapita kwa mkaguzi wa nje. Mwaka 2024 aliyekuwa mwenyekiti wa bodi, Tshifhiwa Matodzi, alikiri makosa akahukumiwa kifungo cha miaka 15.

Mwenyekiti! Yule ambaye kila mfumo wa udhibiti humtegemea.

Na Afrika Kusini haikukosa mwongozo. Ripoti ya kwanza ya Jaji Mervyn King kuhusu uongozi wa kampuni ilitoka mwaka 1994, ya nne 2016, na zimesomwa mbali sana na nchi hiyo. Hata hivyo Desemba 2017 kampuni ya Steinhoff nayo iliporomoka kwa hesabu za uongo.

Orodha za vihatarishi zinazopelekwa kwenye bodi hutaja moto, wizi, udukuzi, kuyumba kwa sarafu. Mkubwa mwenyewe hatajwi, kwa kuwa mara nyingi anayeiandaa orodha ni mtu aliye chini yake. Ndiyo maana mkaguzi wa ndani hana budi kuripoti kwa kamati ya ukaguzi, wala si kwa mkurugenzi anayemkagua, na salio lithibitishwe na benki inayolishikilia, si kwa karatasi iliyochapwa ofisini. Vikundi vya VICOBA Tanzania vinalijua hili: sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na fedha huhesabiwa mbele ya wote.

Serikali iliwadhamini wawekaji wadogo wa VBS hadi randi 100,000 kila mmoja, wakalipwa kupitia benki ya Nedbank. Manispaa hazikuwamo katika dhamana hiyo, na fedha zile zilikuwa za huduma za watu walewale.