Faida ya chama cha ushirika hutoka mfukoni mwa nani?

KATIKA miezi ya kwanza ya kila mwaka, wanachama wa vyama vya akiba na mikopo hufurika kumbini kuhudhuria mikutano mikuu, na linalosubiriwa kwa hamu kuliko yote ni kiwango cha mgao. Mwenyekiti akitaja asilimia iliyopiku ile ya mwaka uliotangulia, hushangiliwa. Akitaja ya chini, kiti chake huanza kutikisika.

Ni wachache wanaouliza fedha hizo zimetoka wapi. Katika kampuni ya kawaida, mwenye mali yuko upande mmoja na mteja upande wa pili, na faida ni kile ambacho wa kwanza amechuma kwa wa pili. Katika chama cha ushirika watu hao wawili ni mmoja: anayekopa ndiye mwenye chama. Kwa hivyo ile iitwayo faida, au ziada kama wanaushirika wanavyopenda kuiita, kwa sehemu kubwa ni riba waliyolipa wanachama wenyewe.

Tuchukue mfano wa wanachama wawili, kila mmoja akiwa na akiba ya Sh100,000. Mmoja amekopa Sh300,000, mara tatu ya akiba yake kama ilivyo desturi, kwa riba ya asilimia moja kila mwezi kwa salio linalopungua, alipe kwa miezi 36. Katika mwaka wa kwanza atatoa riba ya Sh30,500. Chama kikitangaza asilimia 10 kwa akiba, atarudishiwa Sh10,000. Mwenzake ambaye hakukopa hata ndururu atapokea Sh10,000 vilevile.

Hiyo si dhuluma, kwani akiba ya huyo wa pili ndiyo iliyokopeshwa. Hata hivyo, mgao unaposukumwa juu ili kuufurahisha ukumbi, mzigo humwangukia mkopaji, aghalabu mwalimu au karani kijana anayejenga au kusomesha, naye anayefaidi ni yule aliyekaribia kustaafu akiwa na akiba nono.

Wafumaji na mafundi wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao Desemba 21, 1844 kwa mtaji wa pauni 28, waling'amua jambo hili mapema. Waliuza unga, siagi na sukari, kisha ziada wakaigawa kwa kadiri kila mwanachama alivyonunua, wala si kwa wingi wa hisa zake. Mtaji ulilipwa riba yenye kikomo. Sacco zetu nyingi hufanya kinyume, zikimtuza mwekaji na kumsahau mkopaji.

Wapo wanaohitimisha kwamba basi ushirika haupaswi kutafuta faida kamwe. Hao nao wamepotoka. Kanuni za 2010, zilizotokana na Sheria ya Vyama vya Akiba na Mikopo ya 2008, zinaitaka Sacco inayopokea amana iwe na mtaji wa msingi usiopungua asilimia 10 ya mali yake yote. Tena, bila kuhesabu hisa za wanachama, isipungukiwe na asilimia nane. Fungu hilo la pili hujengwa hasa kwa ziada iliyobakizwa mwaka baada ya mwaka. Mwajiri anapokata mishahara asiwasilishe makato, au mikopo inapokosa kulipwa, ni fungu hilo linalopokea pigo kabla ya akiba ya mwanachama kuguswa.

Hatari zaidi ni chama kinachokopa benki ili kilipe mgao. Wanachama hushangilia deni ambalo watalilipa wenyewe, pamoja na riba yake.

Dalili zake humo humo katika taarifa ya mweka hazina, kurasa chache baada ya ile yenye kiwango cha mgao: kiasi kilichohamishiwa akiba ya chama, na kiasi cha mikopo ya benki ikilinganishwa na mwaka uliopita. Mwanachama ana haki ya kuuliza kuhusu yote mawili kabla ya kupiga kura, na kura yake ni moja, awe na hisa 10 au 10,000.